Amplifaya ya gari ya bei nafuu: nitajuaje kama inastahili fedha yake?

MsikilizajiMpole ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Ninataka kununua amplifaya ya chaneli nne kwa ajili ya spika nne za milangoni, na nimekwama kati ya mbili. Ya kwanza imeandikwa wati 3,000 kwa herufi kubwa za rangi ya fedha mgongoni mwake. Ya pili, ambayo bei yake ni takriban mara mbili ya hiyo, imeandikwa wati 60 tu kwa kila chaneli, tena kwa maandishi madogo yaliyonilazimu nivae miwani ili niyasome. Mwuzaji ameniambia waziwazi kwamba hajawahi kuona mtu akilipa zaidi ili apate wati chache, na kusema kweli sikuwa na jibu la kumpa.

Spika zangu zina ukinzani wa omu 4 na zimeandikwa wati 60 za RMS (yaani nguvu ya kuendelea, si ya kilele) kila moja. Kwa sasa zinaendeshwa na redio ya gari peke yake, ambayo usoni imeandikwa 4 × 50 W. Gari likiwa limesimama sauti ni safi, lakini nikiingia barabara kuu na vioo vikiwa wazi hunibidi niongeze hadi sauti inaanza kukwaruza. Sabufa sina.

Siombi kuambiwa ninunue amplifaya ya bei kubwa kuliko zote, kwa sababu uwezo huo sina. Ninachotaka kujua ni namna mtu asiye na vifaa vya maabara anavyoweza kupima thamani ya amplifaya ya bei ya chini kabla ya kutoa fedha zake. Kama itasaidia, ile ya wati 3,000 ina fyuzi moja ya ampea 30 ubavuni, na ile nyingine ina fyuzi mbili za ampea 25 kila moja.

FundiWaya amejibu:

Ndugu yangu, hapo ulipotaja fyuzi umejijibu nusu ya swali bila kujua.

Amplifaya haizalishi umeme, bali inaupokea kutoka kwenye betri na alteneta na kuugeuza kuwa sauti, kwa hiyo haiwezi kutoa zaidi ya kile inachopokea. Injini ikiwa inanguruma, volteji ya gari huwa karibu volti 14.4. Zidisha ampea 30 kwa volti 14.4, utapata wati 432 zinazoingia. Sehemu ya hizo inageuka joto: amplifaya ya klasi AB (klasi ni aina ya saketi ya ndani), hata ikisukumwa hadi mwisho, hubakiza kama asilimia 50 hadi 60 tu kwa ajili ya spika, ilhali ya klasi D hubakiza asilimia 75 hadi 85 au zaidi kidogo. Hiyo yako, kama ni klasi AB, itafikisha wati 260 kwa jumla siku ambayo kila kitu kimekaa sawa, yaani kama 65 kwa kila spika. Ili itoe wati 3,000 za kweli, hata tukisema haipotezi chochote, ingehitaji ampea 208, na alteneta za magari mengi madogo ni za ampea 70 hadi 120. Ingekuwa inameza umeme wa magari mawili.

Utauliza hizo 3,000 zimetoka wapi. Kwanza, wimbi laini la sauti lina kilele ambacho nguvu yake ni mara mbili ya wastani wake, hivyo kwa kuandika kilele peke yake namba inajirudufu. Kisha wanahesabu kwa omu 2 badala ya 4, wanajumlisha chaneli zote, na baada ya hapo nadhani mtu anazidisha kwa umri wa mama mkwe wake.

Ile ya pili ina ampea 50 za fyuzi, sawa na wati 720 zinazoingia. Kwa klasi AB tunategemea zitoke kama 400 hivi, na yenyewe inadai 240 tu kwa omu 4. Maandishi na fyuzi havigombani. Mimi hapo ndipo huanza kumwamini mtengenezaji.

SikioKavu amejibu:

Ninakubaliana na fundi kwa sehemu kubwa, lakini ningependa kuweka tahadhari, kwa kuwa hesabu ya fyuzi imekwisha kuwapoteza wengi. Fyuzi imewekwa ili kulinda nyaya na saketi zisiungue. Haikuwekwa kama kipimo cha nguvu. Hakuna kinachomzuia mtengenezaji kuchomeka fyuzi ya ampea 30 kwenye bodi ambayo haitakaa ivute hata 20. Kwa hiyo fyuzi inakuambia dari liko wapi, na haikuambii kama kuna mtu anayefika darini.

Niliwahi kununua amplifaya ndefu kama mkono wangu, nzito, yenye mapezi ya alumini ya kupendeza. Ilipoanza kunuka nikafungua skrubu sita za chini. Bodi ilikuwa imeishia katikati ya kasha, na nusu iliyobaki ilikuwa tupu kabisa isipokuwa kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi ili kuongeza uzito. Tangu siku hiyo siamini uzito peke yake, ingawa bado ninaamini kwamba amplifaya ya klasi AB iliyo nyepesi sana haiwezi kuwa na nguvu nyingi, kwa sababu joto lake linahitaji alumini ya kulipokea. Klasi D ni habari nyingine, zile huwa ndogo na nyepesi kwa haki yao.

Kitu ambacho ni vigumu zaidi kukidanganya ni matundu ya kuingizia nyaya za umeme. Mtengenezaji anayejua kwamba kifaa chake kitavuta umeme mwingi huweka tundu linalopokea waya mnene. Kama kifaa kinadai wati elfu kadhaa na tundu lake haliwezi kumeza waya unaozidi milimita za mraba 8, aliyechonga tundu hilo alijua ukweli ambao aliyechora boksi hakuambiwa.

Halafu angalia kijitabu. Kuna kiwango kiitwacho CTA-2006, kilichoanza mwaka 2003 kikiitwa CEA-2006, ambacho kinataka wati zipimwe kwa volti 14.4, kwa omu 4, na uharibifu wa mawimbi pamoja na kelele usizidi asilimia 1. Ni hiari, hakuna anayelazimishwa kukifuata, na ndiyo maana anayekifuata hupenda kukitaja. Kijitabu kisipotaja kiwango hicho, angalau kiseme wati za RMS, kwa omu ngapi, kwa volti ngapi, na kwa uharibifu wa asilimia ngapi. Namba iliyopimwa kwa uharibifu wa asilimia 10 ni namba ya amplifaya inayolia.

Jihadhari pia na namba ya usafi wa sauti dhidi ya kelele, ile inayoandikwa kwa desibeli, kipimo cha kulinganisha ukubwa wa sauti. Mmoja anaipima akilinganisha na wati 1, kama kiwango kinavyotaka, na mwingine analinganisha na nguvu yote. Kwa amplifaya ya wati 100 tofauti ya njia hizo mbili ni desibeli 20 kamili, kwa hiyo aliyeandika 80 kwa uaminifu anaonekana mbaya kuliko aliyeandika 98 kwa ujanja, ilhali wa kwanza ndiye mwenye kifaa tulivu zaidi.

MsikilizajiMpole ameandika tena:

Nashukuruni sana. Nimerudi dukani na kijitabu cha kila moja nikakisoma nimesimama. Cha ile ya wati 3,000 kina ukurasa mmoja unaohusu nguvu, hakitaji omu wala volti, na neno RMS halimo. Cha ile ya pili kinasema wati 60 kwa omu 4 na wati 90 kwa omu 2, kwa volti 14.4 na uharibifu usiozidi asilimia 1. Tundu la umeme la ile ya kwanza lingekwama kwenye waya mnene kuliko penseli.

Hata hivyo bado kuna jambo linanisumbua. Hata nikiondoa uongo wote, hesabu ya FundiWaya inasema ile ya bei ndogo inaweza kutoa wati 65 kwa kila spika, ambazo ni zaidi ya 60 za ile ya bei kubwa. Kwa nini nisichukue ya bei ndogo na kuyapuuza maandishi?

Mwuzaji amekubali nizichukue zote mbili kwa siku moja nikiacha rehani. FundiWaya, ungekuwa tayari kuzipima?

ShabaTupu amejibu:

Kabla ya vipimo kuja, niseme juu ya nyaya, kwa sababu katika amplifaya za bei ya chini nyaya zinaweza kugharimu karibu sawa na kifaa chenyewe na hakuna anayezihesabu. Pakiti nyingi za nyaya zinazouzwa kwa bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kuna njia nyepesi ya kuigundua: kwangua ncha kwa kisu, na ndani ikiwa nyeupe, hiyo ni alumini. Uwezo wa alumini kupitisha umeme ni kama asilimia 61 tu ya ule wa shaba ya unene uleule. Waya wa shaba wa milimita za mraba 8 wenye urefu wa mita 5, ukipitisha ampea 30, unapoteza takriban theluthi ya volti moja. Wa alumini iliyopakwa shaba, kwa unene huohuo, unapoteza karibu nusu volti, na hiyo ni kabla hujahesabu waya wa hasi na maungio.

Sisemi alumini isitumike kabisa. Ukiijua na ukachukua yenye unene mkubwa zaidi, itafanya kazi, mradi maungio yakazwe vizuri na yasiachwe kwenye unyevu. Kosa ni kulipa bei ya unene huku ukipata plastiki, kwa maana baadhi ya nyaya hizo ni nene kwa ganda tu. Na fyuzi kuu iwekwe karibu na betri, kwa kawaida ndani ya sentimita 45, kwa kuwa kazi yake ni kulinda huo waya mrefu unaopita chini ya kapeti, na ile iliyo kwenye amplifaya haiwezi kuufanyia kazi hiyo.

FundiWaya amejibu:

Zimefika na nimezipima jana jioni. Ninaeleza nilivyofanya ili mwenye mashaka aniulize.

Badala ya spika nilifunga rezista nne za omu 4, zile kubwa zenye mwili wa alumini, juu ya bamba la chuma ili zipoe. Umeme niliushikilia kwenye volti 14.4. Nikacheza mlio wa hezi 1,000, nikaongeza taratibu huku nikitazama wimbi kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora umbo la wimbi la umeme, na mara tu vichwa vya wimbi vilipoanza kunyooka kama vilivyokatwa kwa kisu nikarudi nyuma kidogo na kusoma volti. Nguvu ni volti zikizidishwa kwa zenyewe, kisha ukagawanya kwa omu. Nasisitiza rezista, kwa sababu ukipima amplifaya haijafungwa kitu chochote itakuonyesha volti nzuri ambazo zitaporomoka mara inapopewa mzigo.

Ile ya wati 3,000, chaneli moja ikifanya kazi peke yake, ilitoa volti 13.4, ambazo ni karibu wati 45. Nilipowasha chaneli zote nne kwa pamoja, volti zikashuka hadi 11, yaani wati 30 kwa kila chaneli, na baada ya dakika chache nikawa siwezi kuweka kiganja juu yake. Kwa hiyo SikioKavu alikuwa na haki kunisahihisha: dari lilikuwa 65, na haikulikaribia. Ndani yake kuna koili moja ndogo ya kupandisha volteji kwa ajili ya chaneli zote, na hapo ndipo pumzi inapoishia.

Ile ya pili ilitoa volti 16.4 kwa chaneli moja, sawa na wati 67, na volti 15.6 zote nne zikiwa kazini, ambazo ni karibu wati 61. Ilichoandika ndicho inachotoa, na kidogo cha nyongeza.

Sasa nikubali kwamba nilishangaa. Ya kwanza inatoa jumla ya wati 120, ya pili inatoa jumla ya wati 240, na bei ya pili ni mara mbili ya ya kwanza. Kwa maana ya fedha kwa kila wati ya kweli, ziko sawasawa. Uongo wa boksi ni uongo, lakini bei inaonekana iliujua ukweli.

MzeeWaHesabu amejibu:

Nimewafuata kimya tangu mwanzo, na vipimo vya fundi ni vizuri sana, lakini nadhani hesabu ya mwisho imefanywa kutoka mahali pasipofaa. Mnahesabu wati kuanzia sifuri, ilhali huyu ndugu haanzi na sifuri. Ana redio.

Tuitazame hiyo redio. Ndani yake hakuna koili ya kupandisha volteji, inatumia volti 14.4 zilezile za gari, kwa hiyo kilele cha wimbi lake hakiwezi kuzidi volti 14.4. Ukigawanya kwa 1.414 unapata volti 10.2, na kwa omu 4 hizo ni wati 26. Hilo ndilo dari lake lote kwa sauti safi, na kwa kuwa transista nazo hujichukulia sehemu yao, kinachofika kwenye spika huwa wati 18 hadi 22. Zile 50 za usoni hupatikana wimbi likiwa limekatwa vichwa kabisa hadi likawa la mraba, kwani volti 14.4 zikizidishwa kwa zenyewe na kugawanywa kwa 4 zinatoa karibu wati 52. Kwa hiyo ule mkwaruzo unaousikia barabarani ndio wati 50 zako zikijitokeza.

Tuseme basi redio inakupa 20. Ukinunua amplifaya ya kwanza unapata 30, ambapo 20 ulikuwa nazo tayari, hivyo fedha yako imenunua wati 10 kwa kila spika. Ukinunua ya pili unapata 60, na fedha yako imenunua 40. Umelipa mara mbili, umepata nyongeza mara nne.

Na sikio halihesabu kwa wati, linahesabu kwa desibeli. Kutoka wati 20 hadi 30 ni desibeli 1.8, tofauti ambayo utaisikia ukiwa umekaa kimya chumbani na kuisahau mara kioo kinapofunguliwa. Kutoka 20 hadi 60 ni desibeli 4.8, na hiyo utaisikia hata barabarani. Msitegemee miujiza lakini, kwa sababu ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu huhitajika kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Spika yenye uwezo wa desibeli 92 kwa wati moja, mahali pa spika ya desibeli 89, inakupa faida ileile ambayo ungeipata kwa kuongeza nguvu ya amplifaya maradufu, tena bila kugusa betri.

SikioKavu amejibu:

Hapo Mzee ameniziba mdomo. Ninaongeza jambo moja ambalo halina gharama. Mara nyingi mkwaruzo wa spika za milangoni hutokana na besi, kwa sababu besi ndiyo inayomeza nguvu nyingi na kuisukuma spika ndogo hadi mwisho wa pumzi yake. Tafuta kwenye menyu ya redio kichujio kinachoandikwa HPF, kile kinachozuia besi isifike kwenye spika, ukiweke hezi 80, kisha uende barabara ileile ukasikilize. Fanya hivyo kabla hujanunua chochote.

MsikilizajiMpole ameandika tena:

Kichujio kilikuwepo, na kwa miaka mitatu kimekaa kimezimwa. Nilipokiweka hezi 80 niliweza kuongeza sauti hatua nne zaidi kabla ya mkwaruzo kuanza, ingawa besi imekuwa nyembamba kidogo na vioo vikiwa wazi bado haijatosha. Kwa hiyo nimechukua ile ya pili, pamoja na mita 5 za waya ambao niliukwangua kwa kisu mbele ya mwuzaji kabla ya kulipa. Ulikuwa mwekundu hadi ndani. Fyuzi kuu ipo kiasi cha shubiri moja na nusu kutoka kwenye betri. Swali langu la mwisho ni juu ya kile kitufe cha geini: nikizungushe hadi wapi?

FundiWaya amejibu:

Geini si kitufe cha kuongeza sauti, inalinganisha tu nguvu ya mawimbi yanayotoka kwenye redio na yale ambayo amplifaya inataka kupokea. Chomoa spika (hapa hatupimi nguvu kama nilipotumia rezista, tunaweka kikomo tu), weka redio kwenye robo tatu ya sauti yake, cheza mlio wa hezi 1,000, na upime volti za chaneli moja kwa mita ya kawaida iliyowekwa kwenye umeme wa AC. Wati 60 mara omu 4 ni 240, na kipeuo chake cha pili ni volti 15.5. Mita ikifika hapo, acha. Rudia kwa zile nyingine.

MsikilizajiMpole ameandika tena:

Nimeisimamisha kwenye volti 15.4 kwa chaneli zote. Kitufe kimeishia chini kidogo ya nusu, na nimekifunga kwa tone la rangi ya kucha ili mtoto asikizungushe. Leo nimepita barabara kuu vioo vikiwa wazi na nikasikia habari zote hadi mwisho bila mkwaruzo. Ile ya wati 3,000 nimeirudisha, rehani yangu nimepewa, na mwuzaji ameipangusa vumbi na kuiweka tena rafuni, herufi za fedha zikitazama mlangoni.